Mdogo wangu na sheria: Makerere kwa ada kamili, au basari ya asilimia 60 chuo binafsi? Naomba mawazo

BintiBombo
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Bombo. Humu mna mawakili, walimu na watu waliosomesha wadogo zao, ndiyo maana nimelileta jambo hili hapa kabla ya kikao cha familia Jumapili.

Mdogo wetu wa mwisho amemaliza S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, na anataka sheria. Hataki kitu kingine. Alifanya mtihani wa kujiunga na sheria Makerere akaufaulu, lakini orodha ya wanaolipiwa na serikali haikumfikia, hata kwa ile pointi 1.5 wanayoongezewa wasichana. Nafasi aliyopata ni ya kujilipia. Kisha chuo kimoja binafsi hapo Kampala (sitakitaja) kikampa nafasi ya sheria pamoja na basari ya asilimia 60 ya ada kwa sababu ya matokeo yake.

Mzee wetu ni mwanajeshi mstaafu, pensheni inawatosha yeye na mama. Mimi ni muuguzi, kaka yetu ana duka la vipuri vya pikipiki Luweero. Sisi wawili ndio tutakaolipa. Mzee anasema Makerere ni Makerere, na mtoto wa Kinubi akiingia pale kusoma sheria, Bombo yote imeingia. Kaka anasema mzigo anaujua anayeubeba. Mwenyewe analia tu, hataki kumvunja mzee moyo wala kutumaliza sisi.

Nimepiga hesabu hivi. Ada ya mwaka ya Makerere nimeiita 100. Akisafiri kila siku kutoka nyumbani kwa taksi (zile za abiria wengi) hadi Wandegeya, jirani na chuo, nauli ya mwaka ni kama 20. Jumla 120, kwa miaka minne 480. Chuo binafsi ada yake ni 110, basari ikitoka tunabaki na 44. Lakini kiko upande wa pili wa mji, kuvuka Kampala asubuhi na jioni haiwezekani, lazima hosteli, nayo ni 35. Jumla 79 kwa mwaka, miaka minne 316. Malipo mengine ya usajili na mitihani nimeyaacha kwa kuwa yanakaribiana pande zote mbili.

Tofauti ni 164, yaani zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa ada ya Makerere. Je, jina la Makerere lina thamani hiyo kwa mwanasheria wa Uganda?

---

Okello_Tororo
Dada, usiuze jina kwa punguzo la ada. Mimi ni wakili, nimesoma pale, na nasema kwa moyo mmoja.

Sheria ni kazi ya watu. Utakaokaa nao darasani ndio watakaokuwa mahakimu, mawakili wa serikali, wabunge na wenye ofisi kubwa za Nakasero na Kololo. Miaka kumi baadaye unampigia mmoja simu na anakuitikia kwa jina. Hicho hakimo katika silabasi na hakuna basari inayokilipa.

Halafu angalia walimu na vituo. Kituo cha haki za binadamu na amani, HURIPEC, kipo pale tangu 1993. Kuna kliniki ya sheria kwa maslahi ya umma, PILAC, ambapo mwanafunzi anashika faili la kesi ya kweli. Profesa Sylvia Tamale, mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo kile, alianza masomo yake ya sheria palepale kabla ya kwenda Harvard. Jaji Julia Sebutinde wa Mahakama ya Haki ya Kimataifa kule The Hague, shahada ya kwanza Makerere, 1977. Jaji Solomy Bossa wa ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, naye Makerere. Mdogo wako ni msichana kutoka familia ya kawaida kama walivyo wengi. Mwache aone njia waliyopita waliomtangulia.

Mzee yuko sahihi. Uzeni kiwanja kama kipo.

---

WakiliMbale
@Okello_Tororo ndugu yangu, nakuheshimu, lakini hoja ya majaji ina tundu. Mwaka 1977 mtoto wa Uganda aliyetaka kusoma sheria nchini mwake alikuwa na chuo kipi kingine? Makerere kilikuwa chuo kikuu pekee nchini. Kabla Makerere haijaanza kufundisha sheria mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wetu walikwenda Dar es Salaam, ambako kitivo cha sheria kilifunguliwa 1961. Jaji Mkuu wetu wa zamani Benjamin Odoki alitokea huko. Hakuna anayesema leo kwamba lazima uende Dar ili uwe Jaji Mkuu. Watu wale walikuwa na vipaji na chuo kilikuwa kimoja. Leo tuna Makerere, tuna UCU Mukono, tuna IUIU, KIU, Gulu na vingine.

Sasa @BintiBombo, nisikilize dada yangu, kwa sababu kuna jambo moja ambalo hesabu yako haijalifikia, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Shahada ya sheria Uganda haimfanyi mtu wakili. Baada ya miaka minne lazima apite LDC, Kituo cha Maendeleo ya Sheria, kwa mwaka mzima wa masomo. Nchi nzima LDC ni moja tu. Ina matawi Mbarara na Lira, lakini mlango ni mmoja. Wa Makerere, wa Mukono, wa Gulu, wa KIU Kansanga, wote wanaingia hapo, wanachanganywa katika makundi yanayoitwa ofisi, wanaandika nyaraka zilezile za kesi za madai, jinai, ardhi, biashara na familia, na wanafanya mitihani ileile. LDC inaangusha watu wengi, hilo linajulikana nchi nzima, na wanaoanguka wanatoka kila chuo. Nimeona wenye daraja la kwanza wakirudia somo. Nimeona kijana wa chuo ambacho watu hukicheka akimaliza bila kurudia hata karatasi moja.

Na LDC hailipiwi na basari ya chuo cha kwanza. Ni ada nyingine, ya mamilioni, inayotakiwa mapema, palepale familia ilipokwisha kuchoka baada ya miaka minne. Ninawafahamu vijana wenye shahada nzuri za sheria, kutoka chuo chenye jina, waliokaa nyumbani wakitafuta ada ya LDC. Wengine walianza kufundisha shule za sekondari, wengine wakaingia biashara, na mpaka leo hawajaenda. Shahada yenye jina bila LDC haikupi ruhusa ya kusimama mbele ya hakimu hata siku moja.

Baada ya LDC kuna kipindi cha kufanya kazi chini ya wakili mzoefu kabla hajaruhusiwa kufungua ofisi yake. Katika kipindi hicho malipo ni nauli na chakula cha mchana, kama mwenye ofisi ni mwungwana. Nani anamlisha wakati huo? Ni ninyi tena.

Kwa hiyo pimeni gharama ya kufika mahakamani, shahada ni kipande tu cha njia hiyo. Ile 164 ni LDC yake. Mimi ningechukua basari.

---

Mwalimu_Arua
Nakubaliana na Wakili wa Mbale, kwa sharti. Miaka yangu ya kuwaongoza wanafunzi wa S.6 imenifundisha kuiogopa basari ambayo barua yake ni fupi.

Mwanafunzi wangu mmoja alipewa basari nzuri na chuo fulani. Barua ilisema itaendelea "kwa kuzingatia matokeo". Hakuna aliyeuliza matokeo gani. Mwisho wa mwaka wa kwanza akaambiwa alitakiwa awe na CGPA, yaani wastani wa alama zote, ya 4.0, yeye ana 3.7. Sasa, kwa wasiojua, katika mizani yetu ya 5, daraja la pili la juu linaanzia 3.60 na la kwanza 4.40. Kwa hiyo mtoto alikuwa na daraja la pili la juu, matokeo ambayo kila mzazi angeyashangilia, na basari ikaondoka. Sheria si kozi ya kugawa alama kwa ukarimu, hasa mwaka wa kwanza, mtoto anapojifunza kwa mara ya kwanza namna ya kujibu swali la mkataba au la jinai.

Dada, nenda na mdogo wako mpaka ofisi inayotoa hiyo basari mkaulize kwa maandishi. Kiwango ni kipi? Wanakipima kila muhula au mwishoni mwa mwaka? Akishuka mara moja anapewa muda wa kujirekebisha, au imekwisha? Ile asilimia 60 ni ya ada itakayokuwepo mwaka wa nne, au ni kiasi cha fedha cha leo ambacho hakitasogea ada ikipanda? Hili la mwisho watu hulisahau. Ada hupanda. Wanafunzi wa Makerere waliandamana Oktoba 2019 kwa sababu ya sera ya kuongeza ada kwa asilimia 15, na hicho ni chuo cha umma ambacho kila mtu anakitazama. Chuo binafsi kikipandisha, hakuna atakayeandamana kwa ajili yenu.

Kisha hakikisheni kozi ya sheria ya chuo hicho imeidhinishwa na Baraza la Sheria, na idhini haijaisha muda wake. Idhini ya NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, peke yake haitoshi. Kozi isiyotambuliwa na Baraza la Sheria haimpeleki LDC. Hapo hata basari ya asilimia mia ni hasara.

---

MpakaniBusia
Niongeze la sisi wa mpakani. Mimi ni Mkenya, nimesoma sheria Uganda kwa sababu ada ilikuwa nafuu. Kama mdogo wako ana mawazo ya kufanya kazi Nairobi baadaye, ajue kwamba Kenya ina shule yake, Kenya School of Law, na ina masharti yake ya kuingia, hadi alama za sekondari wanazitazama. Tanzania nao wana Law School of Tanzania. Jina la chuo halivuki mpaka kirahisi hivyo. Kama mipango yake ni Uganda tu, sina la kuongeza.

---

LugbaraBoston
Nimesoma uzi huu nikiwa Marekani, ambako swali la dada ni swali la kila mwanafunzi wa sheria. Huku sheria ni miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza, na vyuo vinapangwa kwa ngazi zinazojulikana na kila mtu. Chuo cha ngazi ya chini kidogo kinamvuta mwanafunzi mwenye alama za juu kwa fedha. Basi kila mwaka watu wanakesha wakipima: deni kubwa kwa jina kubwa, au jina la wastani bila deni.

Mambo mawili ya huku yanaweza kuwasaidia. Kwanza, chama cha mawakili cha Marekani, ABA, kinavilazimisha vyuo vya sheria vyenye basari za masharti kutangaza hadharani wanafunzi wangapi walipewa na wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa. Mwanafunzi anasoma takwimu kabla hajasaini. Kwa hiyo muulizeni mkuu wa kitivo swali hilohilo: mwaka juzi mliwapa wangapi, na wangapi bado wanayo leo? Akikwepa, nanyi mmepata jibu. Hata afadhali mtafute wanafunzi wa mwaka wa tatu wenye basari hiyo, muwaulize wenyewe.

Pili, huku watu wanaomba kuongezewa. Unaandika barua ya heshima: nimepata nafasi chuo kingine, nakipenda chenu, lakini familia yangu haifiki, je, mnaweza kuongeza? Hawakasiriki. Binti aliyefaulu mtihani wa Makerere ni mtu wanayemtaka. Ombeni 75. Wakikataa, bado mna 60.

Lakini msichukue kila kitu cha huku. Hapa tofauti ya mshahara wa kuanzia kati ya ofisi kubwa na ndogo ni kubwa mno, na ofisi kubwa huajiri zaidi kutoka vyuo vya juu. Ndiyo maana mtu anathubutu kukopa. Kwetu nyumbani deni la namna hiyo litalipwa na nini?

---

Okello_Tororo
@WakiliMbale LDC ni moja, sawa, nakubali. Lakini baada ya LDC? Wote wana cheti kilekile, ofisi ina nafasi mbili, barua za maombi ni mia. Unadhani mwenye ofisi anachuja kwa nini? Anatazama chuo. Nimekaa upande ule wa meza, najua. Siyo haki, lakini ndivyo.

Na akitaka shahada ya pili nje ya nchi? Profesa wa Uingereza amesikia Makerere tangu enzi za mwalimu wake.

---

WakiliMbale
Kuna ofisi zinazochuja hivyo, sibishi. Ni ofisi chache za Kampala, na hata humo wengi wa Makerere hawapati nafasi. Mawakili wengi wa nchi hii wako Mbale, Lira, Masaka, Fort Portal, Arua, katika ofisi za watu wawili watatu. Mteja wa kesi ya ardhi hajui ulisoma wapi. Hakimu anachotaka kujua ni kama una cheti cha uwakili cha mwaka huu. Mimi ninapomchukua kijana, nampa faili, namwambia aniandikie hati ya madai mpaka kesho asubuhi. Asubuhi najua kila kitu ninachohitaji kujua.

Na hukumu nyingi za mahakama zetu siku hizi ziko wazi kwenye tovuti ya ULII, bure. Zamani mwenye maktaba nzuri alikuwa na kesi ambazo mwenzake hana. Pengo hilo limepungua sana. Mtoto mwenye simu na bando anasoma hukumu ya Mahakama ya Juu akiwa chumbani kwake hosteli.

---

Msomi_LLM
Kuhusu shahada ya pili nje, nizungumze kwa sababu nimepita. Nilisoma ile LLM ya haki za binadamu na demokrasia barani Afrika ya Chuo Kikuu cha Pretoria, ambayo imekuwepo tangu 2000 na huja na ufadhili. Darasani tulitoka nchi nyingi na vyuo vya kila aina, vingine sikuwahi kuvisikia. Walichokipima ni alama, kazi ulizofanya na namna unavyoandika. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza wanataka angalau miaka miwili ya kazi, na uongozi, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Sasa miaka hiyo ya kazi utaipataje kama umekwama kabla ya LDC?

Jina la Makerere linasaidia nje, hilo ni kweli, na sitamdanganya dada. Linasaidia pale ambapo watu wawili wanalingana. Ila daraja la kwanza kutoka chuo kisichojulikana sana huwa linashinda daraja la pili la chini kutoka chuo chenye jina. Ukimpeleka binti mahali ambapo atasoma akiwa na wasiwasi wa ada, unamsukuma kuelekea hilo la pili la chini.

---

BarakaNsambya
Ndugu hapo juu amegusa penyewe. Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, nilisoma hapa Kampala kwa ufadhili wa DAFI, ule wa UNHCR. Sikusoma sheria, lakini hili ni la kila kozi.

Kila mwisho wa muhula, asiyemaliza ada hapati kadi ya mtihani. Nilikuwa na rafiki mwenye akili kunishinda, analipiwa na wajomba wanne, kila mmoja anatuma robo yake anapoweza. Wiki ya mitihani, wenzake tunasoma, yeye yuko kwenye simu na wajomba. Anapiga, anasubiri, anapanga mstari benki. Akaingia mtihani wa kwanza akiwa hajalala. Mihula miwili alikosa karatasi, akazifanya mwaka uliofuata. Miaka minne ikawa mitano na zaidi. Mimi wasiwasi huo sikuwa nao, na najua kabisa ni ufadhili ulionipitisha, si akili.

Dada, ninyi ni walipaji wawili, muuguzi na mwenye duka. Muhula ambao duka halikuuza, mdogo wenu atafanyaje?

---

HajatiKibuli
Mwanangu BintiBombo, Mungu akubariki kwa kumbeba mdogo wako. Nina mawili tu.

La kwanza ni hiyo nauli ya 20. Barabara ya Bombo naijua. Asubuhi taksi inasimama Kawempe, inasimama tena Bwaise, mtoto anafika darasani somo limeshaanza. Sheria ina masomo ya jioni na kazi za makundi, na yale mashindano yao ya kuigiza mahakama ambayo wanajifunza mpaka usiku. Je, mtamruhusu binti apande taksi ya Bombo saa tatu usiku kila siku kwa miaka minne? Hamtaruhusu. Mwaka wa kwanza hautaisha, mtamtafutia chumba Kikoni, pale karibu na Makerere, na chumba cha Kikoni chenye usalama hakitapungua hiyo 35 yako. Andika 135 kwa Makerere, usiandike 120.

La pili, mmeongea wote, wakili, mwalimu, hata yule wa Boston. Binti mwenyewe amesemaje? Sijaona neno lake hata moja ila kwamba analia.

---

BintiBombo
Nimesoma kila neno, na usiku nimewasomea kaka na mdogo wangu. Mzee nilimsomea asubuhi, yote, pamoja na ya ndugu Okello ambayo aliyapenda sana.

Hajati, hesabu yako imebadilisha mambo. Kwa 135, Makerere ni 540. Nikarudia upande wa pili kwa kumfuata Mwalimu, yaani nikifikiria basari inapotea njiani. Ikipotea baada ya mwaka wa pili, tunalipa 79 mara mbili, halafu 145 (ada kamili 110 na hosteli 35) mara mbili, jumla 448. Ikipotea baada ya mwaka wa kwanza tu, ni 514. Hata hapo bado tuko chini ya 540. Kaka aliniomba nirudie mara mbili kwa sababu hakuamini. Ikidumu miaka yote minne, tunabaki na 224, na hiyo tumekubaliana iwekwe katika akaunti ya pamoja ya SACCO ya kaka kwa ajili ya LDC, isiguswe kwa harusi wala msiba.

Mdogo wangu kasema mwenyewe, Hajati. Anataka kuwa wakili wa serikali upande wa mashtaka, halafu hakimu. Alipomsikia Wakili wa Mbale kuhusu LDC, akamuuliza mzee: "Baba, unataka niingie Makerere, au unataka unione nimevaa joho mahakamani?" Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema twende kwanza tukaulize hiyo barua.

---

BintiBombo
Tumerudi kutoka chuoni, mimi na mdogo wangu.

Tulimkuta naibu mkuu wa kitivo, mama mpole, akatukalisha na kutujibu yote. Kiwango ni CGPA 3.60. Kinapimwa mwisho wa mwaka. Akishuka anapewa muhula mmoja wa kujirekebisha huku basari ikiendelea. Ni asilimia ya ada ya mwaka husika, kwa hiyo ada ikipanda basari nayo inapanda. Niliuliza swali la ndugu wa Boston, wangapi bado wanayo. Hakuwa na idadi kamili, lakini aliita wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu wanaonufaika nayo, akatuacha nao peke yetu. Mmoja alishuka mwaka wa kwanza akajirekebisha. Waliniambia ukweli, hata yale ambayo chuo kisingependa niyasikie kuhusu upungufu wa viti maktaba. Idhini ya Baraza la Sheria tumeiona, na muda wake bado upo.

Tuliomba 75. Wamesema waombaji ni wengi, hawawezi kwa mwaka huu, lakini akimaliza mwaka wa kwanza na 4.40 anaweza kuomba tena. Haya yote nimeomba yaandikwe, na barua imetoka jana ikiwa na saini na muhuri.

---

Okello_Tororo
Kwa barua hiyo, sina nguvu ya kubishana kuhusu fedha. Bado naamini atakosa kitu, na nitaendelea kuamini. Basi asikose watu. Mwambie tangu mwaka wa kwanza aingie katika mashindano ya kuigiza mahakama. Yale ya Afrika nzima ya haki za binadamu, yaliyoanza 1992, yanakutanisha vyuo vyote, na huko atakaa meza moja na wa Makerere na wa Nairobi. Likizo ya mwaka wa pili aje ofisini kwangu Tororo au nimtafutie Kampala, aone faili. Daftari zangu za sheria ya ardhi ninazo, nitampa.

---

WakiliMbale
Hapo umesema, ndugu yangu. Likizo ya mwaka wa tatu aje Mbale.

---

BintiBombo
Mzee amekubali jana baada ya swala ya Isha. Alitaka kujua kama Okello ni jina la mtu wa kweli, nikamwambia ni wakili wa Tororo, akasema mtoto aende huko likizo ya kwanza, siyo ya pili.

Barua ya kukubali nafasi inapelekwa Jumatatu. Nafasi ya Makerere tutaiandikia kuiachia ili mwingine aipate. Kilichobaki ni hosteli ya wasichana yenye geti na maji ya uhakika, karibu na barabara ya Ggaba, isizidi bajeti yetu. Anayeijua aandike hapa, na aseme pia kama wanapokea malipo kwa muhula au wanataka mwaka mzima kwa mkupuo.